Shangazi, wenzangu wanasema nikihamia majengo ya kale ninajizika

Assalaamu alaykum shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mkaguzi wa majengo hapa Unguja. Nilisomea ujenzi ngazi ya diploma, nikaajiriwa, na tangu hapo kazi yangu ni kupokea ramani, kukagua msingi kabla haujamwagwa zege, kuhesabu nondo, kupima ngazi na madirisha, kisha kusaini au kukataa. Kazi hii naipenda na ninaijua. Nikiingia kwenye jengo jipya haichukui muda kugundua fundi amebania saruji wapi.

Mwaka jana nilitumwa kumsaidia mwenzangu kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe. Ni nyumba ya urithi, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na warithi wanataka kuifanya nyumba ya wageni. Dari ya ukumbi wa juu imebonyea. Ncha za boriti upande wa choo zimeoza ndani ya ukuta, ukizichoma kwa bisibisi inazama. Fundi wao ameshaleta nondo, anataka kutoa boriti zote amwage zege. Kuta za chini zilipigwa lipu ya saruji hadi kiunoni ili kuzuia unyevu, na sasa unyevu umeipanda lipu na kutokea juu yake, rangi inamenyeka na chumvi nyeupe inadondoka sakafuni. Nikafungua kanuni zangu. Ngazi ni moja tu, ya mbao, na imesimama kuliko inavyoruhusiwa. Uchochoro wa mlangoni haupitishi gari la zimamoto. Kwa kipimo ninachokijua mimi, nyumba ile haistahili kupewa kibali cha kitu chochote. Na papo hapo imesimama tangu babu yangu hajazaliwa.

Nilisimamisha kazi. Mrithi mkubwa akaniambia mbele ya mafundi wake: "Dada, wewe unalinda mawe. Sisi tunaokaa ndani utatulinda lini?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo, shangazi, nyumba zile hazinitoki. Nimekuwa nikienda jioni kuangalia kuta tu. Sasa kuna taasisi inayoshughulikia majengo ya kihistoria imenipa nafasi ya kuhamia kwao. Mshahara ni ule ule, ila posho za saiti zitapungua. Mkuu wangu wa kazi ameniambia huko ni mahali pa kusubiri kustaafu, na kwamba nikija kurudi baada ya miaka mitano nitakuwa nimelisahau zege. Wenzangu wananiambia ninajizika nikiwa hai. Na mama yangu kila akisikia Mji Mkongwe analikumbuka Jumba la Ajabu lilivyoporomoka. Anasema siku moja nitasaini jengo liwaangukie watu, na jina litakalotajwa ni langu.

Nataka kujua mambo mawili. Je, hii ni njia ya maisha au ni uchochoro usiotokea? Na mtu anasaini vipi nyumba ambayo kwa kanuni haipiti, lakini kuivunja ni dhambi?

Mkaguzi wa Ng'ambo, Unguja

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nenda. Nakupa jibu mapema ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Mimi nimeshinda kwenye saiti miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na mtu anayejua kukagua nondo ndiye hasa ninayetaka kumuona ndani ya nyumba za mawe. Wapenzi wa milango ya nakshi wapo, na Mungu awazidishe. Tunayemkosa ni mkaguzi wa kusimama chini ya dari iliyobonyea akasema, kwa hesabu, itahimili au haitahimili, na nani aondoke chini yake leo hii.

Nianze na yule mrithi, kwa sababu amekuuliza swali la haki na usipolijibu litakufuata kila nyumba utakayoingia. Amelitenganisha jambo moja akalifanya mawili: mawe upande huu, watu upande ule. Mama yako amelielewa vizuri zaidi. Jumba la Ajabu lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliyobomoa majumba ya jirani yake. Mwaka 2012 sehemu ya baraza lake ikaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hakuna jengo lililopendwa na kupigwa picha kama lile kwenye pwani hii, na mapenzi hayakulishikilia. Kwa hiyo akikuuliza tena utamlinda lini, mwambie ndiyo kazi uliyokuja kuifanya, na kwamba jengo la kale halina siku ya hatari kuliko siku linapoguswa. Likiwa limekaa limeshazoea ulemavu wake, mzigo umeshajitafutia njia ya kupita. Ukitoa boriti, ukitoboa ukuta, ukitindua lipu, unaziba njia hiyo. Ndipo anapohitajika mkaguzi, na anahitajika kabla ya nyundo ya kwanza.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na unene wake aghlabu ni nusu mita au zaidi. Ukizikata utakuta nyuso mbili zimejengwa vizuri, na katikati kumejazwa mawe madogo na vifusi. Ukuta wa namna hii hubeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Ukivutwa au ukisukumwa kwa pembeni hauna nguvu nyingi. Juu yake zimelala boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko hautoi boriti ndefu, vyumba vyote vimekuwa vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana ukitembea nyumba za Mji Mkongwe, za Lamu au za Mombasa unakuta chumba kirefu chembamba hata kwa tajiri aliyekuwa na kiwanja cha kutosha. Mti ndio uliochora ramani. Juu ya boriti yanapangwa mawe, kisha chokaa inayopondwa kwa vigongo mpaka ishikane. Halafu nyumba zenyewe zimeegemeana, ukuta wa huyu unamzuia yule. Ukishaliona hilo hutakubali tena kukagua nyumba moja bila kubisha hodi kwa majirani.

Fundi anataka zege. Wengi wanaolikataza husema zege ni zito. Hoja hiyo usiitumie, atakushinda mbele ya watu. Zege la unene wa sentimita 15 lina uzito wa karibu kilo 360 kwa mita ya mraba. Dari ya mawe na chokaa yenye sentimita 30 inaweza kupita hapo, hasa zile ambazo kila zilipovuja ziliongezwa tabaka jingine la chokaa badala ya kutafutwa kinakovuja. Na inawezekana kabisa ndiyo sababu ya dari yako kubonyea, kwa hiyo kabla hujasema neno toboa tundu dogo upime unene.

Sababu zenye nguvu ni nyingine. Ili kulilaza zege lile, atachimba mfereji ukutani kuzunguka chumba kizima, yaani atakata uso wa ndani wa ukuta ambao katikati yake ni vifusi. Wakati huohuo atakuwa ameshatoa boriti zote, na boriti zile pamoja na kubeba dari ndizo zilizokuwa zimezishika kuta mbili zisiachane. Kuta zitabaki peke yake, ndefu, bila mshiko, siku zote ambazo zege linasukwa na kusubiri kukauka. Hiyo ndiyo picha ninayotaka uwe nayo kichwani unapokataa. Zaidi ya hapo, zege hutanuka kwa jua kuliko ukuta wa chokaa unavyoweza kulifuata, likasukuma. Nondo zikiwa karibu na bahari, na mchanga ukiwa umetoka pwani na chumvi yake, zitashika kutu, na kutu huvimba ikapasua zege kutoka ndani. Boriti iliyooza unaibadilisha moja. Zege lililopasuka kwenye nyumba kama ile huwezi kulitoa bila kuhatarisha nyumba nzima.

Njia yake ni ya polepole lakini mafundi wanaoijua wapo bado. Kwanza choo. Ncha za boriti zimeoza kwa sababu maji yanazifikia, na ukibadilisha boriti bila kuziba maji umenunua miaka michache tu. Kisha dari inashikiliwa kwa miti na mbao kutoka chini, na miti hiyo ishuke ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini, isiishie kwenye sakafu ya ghorofa ya pili ambayo nayo ni boriti. Hapo mkaguzi lazima aende mwenyewe akaangalie, asikubali picha ya simu. Halafu boriti inabadilishwa moja moja, ncha mpya ikiachiwa nafasi ya hewa ukutani isizibwe kwa saruji. Penye ncha mbovu nyingi mfululizo, mhandisi anaweza kuchora mhimili wa mbao unaolala kando ya ukuta na kuzipokea ncha zilizobaki nzima. Mhimili huo usifichwe. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndio msingi wa kazi hii duniani kote, unataka kipya kitambulike kuwa ni kipya na matengenezo yakome pale kubahatisha kunapoanza.

Lipu ya saruji ni kisa cha kila nyumba, na nitakueleza ili nawe umueleze mrithi kwa maneno yake. Ukuta wa chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Umeupiga saruji, umeufunga. Maji hayakukoma kuingia, yamekosa pa kutokea tu, basi yanapanda hadi yapite juu ya lipu, kama ulivyoona. Yanakuja na chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inajijenga nyuma ya rangi na kuisukuma pamoja na jiwe. Lipu ile itolewe kwa patasi ndogo, si kwa mashine, kisha ukuta uachwe. Wataudhika ukiwaambia ni miezi. Waambie hivyo hivyo. Ikiwezekana uachwe upite kiangazi kizima ndipo upigwe lipu ya chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke haraka. Chokaa haikamati kwa siku moja kama saruji, hukamata kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na fundi anayekwambia haina nguvu amezoea kuivunja mapema. Ulegevu wake ndio faida yake: nyumba ikisogea kidogo chokaa inasogea nayo.

Ukague na chokaa yenyewe. Ile inayochomwa kienyeji kwa matumbawe na kuni mara nyingi haiivi sawasawa, inabaki na mabonge. Bonge ambalo halikulainika kwenye shimo la kuloweka litalainika ukutani baada ya kazi kwisha, likavimba na kuchomoa tundu kwenye lipu. Chukua kiganja kimoja uisugue kwa vidole. Ukihisi chenga, irudi ikalowekwe zaidi na kuchujwa. Kipimo hiki hakimo kwenye kanuni zako za zege, na ni cha kujifunza kwa wazee waliopo sasa hivi, maana hawataishi milele.

Kwenye moto nitakuwa mkali, na nawe nataka uwe mkali kuliko ulivyokuwa kwenye majengo mapya ya huko Ng'ambo. Familia inayoishi nyumba ile inaijua gizani. Mgeni aliyefika jana usiku haijui. Ngazi moja ya mbao, chumba cha ghorofa ya pili, mtungi wa gesi jikoni chini, uchochoro usioingia gari. Hapo historia haina utetezi. Lakini usikimbilie kusema ngazi ivunjwe. Kanuni imeandika kimo cha ngazi na upana wa njia kwa sababu inataka kitu fulani kitokee: mtu aamshwe mapema, apate njia isiyo na moshi, afike nje. Uliza nyumba hii inaweza kulifikia lengo hilo kwa njia gani nyingine. Vitambua moshi vilivyounganishwa ili kimoja kikilia vilie vyote. Milango ya vyumba inayojifunga yenyewe. Jiko litengwe, mtungi ukae nje. Waya za umeme zilizoning'inia kwenye boriti zitolewe zote. Vishikio pande mbili za ngazi na taa isiyozimika umeme ukikatika. Na kwa kuwa nyumba zimeegemeana, mara nyingi ipo njia ya kutoka juu ya paa kwenda kwa jirani, ikiandikiwa makubaliano na mlango usifungwe kwa kufuli. Kaeni na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi muitembee nyumba pamoja, wakuoneshe mpira wao unafika wapi kwa mguu. Baada ya yote hayo kama ghorofa ya juu bado haina usalama kwa wageni, basi isilaze wageni. Walale wenyewe juu, wageni wakae chini na ya kwanza. Kupunguza matumizi ni matengenezo pia, na hayatoi jiwe hata moja.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Hausaini kwamba nyumba imefuata kila kifungu. Unasaini kwamba umeelewa kila kifungu kinalinda nini, na unaandika kwa majina nyumba imelindaje hicho hicho kwa njia nyingine, nani ameshauri, na kwa masharti gani. Mwaka 2003 wataalamu wa ICOMOS, baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria, walikutana Victoria Falls, Zimbabwe, wakapitisha misingi ya kuchunguza na kutengeneza majengo ya urithi. Wanasema mfuate daktari: sikiliza historia ya mgonjwa, tafuta ugonjwa, toa dawa, kisha rudi umuangalie. Wakaguzi wengi tumefundishwa hatua ya tatu peke yake. Wewe jizoeze ya kwanza na ya nne. Kwenye ufa unaoutilia shaka bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya jasi pande zote mbili za ufa, andika tarehe juu yake, na uache masika yapite. Kioo kikikatika ufa uko hai. Kisipokatika pengine ni ufa uliokwisha kazi yake zamani na watu wanataka kuutumia kama kisingizio cha kubomoa.

Na yote unayoyaamua, yaandike. Mama yako ana haki ya kuogopa sahihi yako, kwa hiyo sahihi hiyo isikae peke yake. Mahesabu ya mhimili yawe ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Kibali ndani ya Mji Mkongwe kinapita kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985 na kupewa sheria mpya mwaka 2010, na mji wenyewe upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ukimwambia mrithi "siwezi kuruhusu", usimfanye adhani ni ukaidi wa dada mmoja mwenye daftari. Muoneshe karatasi.

Nije kwenye kazi kama kazi. Mkuu wako anasema utalisahau zege. Muulize kwa heshima kama ameyatazama majumba ya Michenzani karibuni, yale marefu yaliyoanzwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Zege nalo limezeeka. Nondo zake zina kutu, lina wapangaji wengi ndani, na limeshaingia kwenye historia ya nchi hii. Atakayeliokoa ni mtu anayejua zege na anayejua uhifadhi, na watu wa namna hiyo ni wachache mno.

Wala hujifungi kwenye vichochoro vya Shangani. Mji wa Lamu uliingia urithi wa dunia mwaka 2001, Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameorodheshwa tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Bagamoyo ipo, Kisiwa cha Msumbiji kipo, Ngazija ipo. Kote huko ni matumbawe, chokaa, mti na chumvi, na maradhi ni yale yale uliyoyaona kwenye nyumba ya urithi. Mtu aliyebobea hapa anaweza kuitwa huko kote. Chuo Kikuu Ardhi kipo Dar es Salaam ukitaka kuipandisha diploma yako, na ICCROM, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi yenye makao yake Roma, huendesha kozi fupi kwa watu walio kazini tayari. Ukishakaa mwaka mmoja na kuta zako, omba.

Ila usihamie kwa kupenda kuta tu. Kabla hujasaini mkataba taka waandike mambo haya: nini utasaini wewe na nini atasaini mhandisi, na kwamba una mamlaka ya kusimamisha kazi siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao. Mkaguzi wa majengo ya kale asiye na uwezo wa kusimamisha kazi anageuka shahidi, na huo ushahidi utakuumiza. Usajili wako wa kitaaluma usiuache ulale hata mwaka mmoja. Omba ubakishiwe majengo mapya mawili matatu ya kukagua kwa mwaka, jicho lisizubae, na hapo mkuu wako wa sasa anaweza kuwa msaada, kwa hiyo muage vizuri. Posho zitapungua kweli, sitakudanganya. Zungumza na nyumbani kwako mjue mnabana wapi kwa miaka miwili ya mwanzo. Baadaye mwenye ujuzi huu hutafutwa na wenye hoteli, na kamisheni ya wakfu yenye nyumba nyingi mjini, na wafadhili wanaotaka mtu wa kuwaambia ukweli kabla hawajatoa fedha.

Jambo moja zaidi, na nakuomba ulitie moyoni. Tafuta fundi mzee wa chokaa, ukae chini yake siku zako za mapumziko, ushike mwiko. Umwite mwalimu na umlipe. Mafundi watakudharau siku za mwanzo kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa umetoka kwenye tofali za bloku. Siku watakapokuona unaitambua chokaa mbichi kwa vidole, maneno yatakwisha.

Turudi kwa warithi, kwa sababu nyumba yao haingoji barua yako ya ajira. Usiwaendee na "hapana" tupu. Mrithi mkubwa anataka nyumba imlishe, na ndugu zake pengine kila mmoja anataka chake, na kazi ya nusu nusu ndiyo inayoua nyumba za urithi hapa mjini. Waite wote siku moja, uwapangie kwa awamu zenye gharama: mwezi huu choo na milizamu ya paa, kwa kuwa ndiyo fedha ndogo yenye faida kubwa. Sambamba na hayo, dari ishikiliwe na ukumbi wa juu ufungwe, asipite mtu, wala mtoto kuchukua nguo. Kisha boriti. Lipu ya chini itolewe mapema ili ukuta uanze kukauka wakati kazi za juu zinaendelea. Tangi la maji kama lipo juu ya paa lishushwe: lita 2,000 ni tani mbili zilizokaa juu ya boriti ambazo hujazikagua. Umeme na moto vimalizwe kabla ya kitanda cha kwanza cha mgeni. Wakianza na vyumba vya chini wataanza kupata kitu huku kazi ya juu ikiendelea, na nondo zile fundi anaweza kuzirudisha dukani zingali mpya.

Na kabla nyundo haijainuliwa, ingia nyumba za jirani pande zote mbili, upige picha kila ufa ulio kwenye ukuta wa pamoja, na wenye nyumba wazisaini picha hizo.